Jeep Fupi katika Barabara Ndefu

Hapa Kongo watu wengi huita "jeep" kila motokaa ya porini ambayo magurudumu yake manne huvuta yote pamoja, iwe imetoka Marekani, Uingereza ama Ujapani. Wasomaji wetu waliopanda gari la namna hiyo, lile fupi la zamani, katika njia ya lami kama ile itokayo Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, wanajua jambo moja. Matopeni gari hilo hutembea kama mbuzi mlimani. Lakini likifika penye barabara nzuri, na dereva akakanyaga mafuta, linaanza kurukaruka na kuyumba, na watu hushuka wamechoka kana kwamba wamekuja kwa miguu. Mmoja husema, "Ni shofere huyu." Mwingine husema, "Ni gari, limezeeka." Mara nyingine maneno hayo ni ya kweli. Lakini sababu ya kwanza ilikuwako kabla ya shofere huyo kuzaliwa, nayo iliwekwa katika karatasi ya jeshi la Marekani mwaka 1940. Tuifuate habari hiyo tangu mwanzo, maana wengi walikufa barabarani kabla mambo yake hayajatengenezwa.

Mwaka 1940 vita ilikuwa imekwisha kuwaka Ulaya. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la kushika nafasi ya farasi na pikipiki. Mwezi wa Julai likapeleka barua kwa viwanda 135. Masharti yake yalikuwa makali: magurudumu yote manne yavute, gari lichukue watu watatu, kioo cha mbele kiweze kulazwa, na uzito usizidi kilo 590. Tena umbali kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma usizidi inchi 75. Baadaye wakaruhusu inchi 80, ndizo sentimita 203. Gari la kwanza liletwe kwa siku 49. Viwanda karibu vyote vilikataa kazi hiyo. Kiwanda kidogo cha American Bantam, katika mji wa Butler, Pennsylvania, kilikuwa karibu kufa kwa kukosa wanunuzi, na mwenye njaa hachagui kazi. Kikamwita mhandisi Karl Probst. Tarehe 23 Septemba 1940 gari lilifika kambi ya Holabird katika Maryland, siku ileile ya mwisho.

Sharti la kilo 590 halikuwezekana. Jeep za vita zilizotoka katika viwanda vya Willys na Ford zilipita kilo 1,000. Lakini sentimita 203 zilibaki. Wasomaji waikumbuke hesabu hii, maana tutakutana nayo tena mara nyingi. Mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945, jeep zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetengenezwa, zote za kipimo hicho kimoja.

Kwa nini jeshi lilitaka ufupi? Gari fupi hugeuka katika njia nyembamba. Hupita juu ya kichuguu bila tumbo lake kukwama, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma yako karibu. Hujificha nyuma ya kichaka, na huingia katika meli na ndege bila kula nafasi. Kwa kazi ya vita hayo yote ni mazuri. Raha ya abiria na mwendo wa kasi wa saa nyingi havikuwa shauri la wakati ule. Ni kweli, jeep ya Willys iliweza kufika kilometa 105 kwa saa katika barabara sawa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa mashambani na porini, pamoja na jeshi.

Sasa tueleze ufupi huo unaletaje taabu. Tuseme gurudumu la mbele limepanda kigongo cha sentimita 10. Gari lenye sentimita 203 kati ya ekseli zake litainua pua karibu digrii 3. Gari refu, kwa mfano Land Cruiser 78 ambayo wengi wetu tumeiona katika misioni na hospitali, lina sentimita 298, nalo halifiki digrii 2. Kigongo ni kilekile, lakini kichwa cha abiria wa gari fupi kinatupwa zaidi. Tena katika gari refu kuna mahali palipotulia, katikati ya ekseli mbili, kama pale katikati ya mtumbwi. Katika gari fupi mahali hapo ni padogo mno: dereva mwenyewe amesukumwa karibu na ekseli ya nyuma, na aliye nyuma yake ameketi juu ya ekseli yenyewe. Mgonjwa akiwekwa huko nyuma hufika kwa daktari na maumivu aliyoondoka nayo, pamoja na mengine ya njiani.

Usukani nao una neno lake. Magurudumu ya mbele yakigeuzwa digrii 2 tu, gari la sentimita 203 hufuata duara ambalo kutoka kitovu chake mpaka ukingo ni meta 58 hivi. Gari la sentimita 298, likigeuzwa kadiri ileile, hufuata duara la meta 85. Polepole sokoni, hii ni faida kubwa ya gari fupi. Lakini kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa gari linapita meta 28 kwa kila sekunde. Mkono ukitikisika kidogo, gari limekwisha kwenda upande. Dereva hulirudisha, nalo linavuka upande wa pili. Basi kazi yake mchana kutwa ni kusahihisha. Upepo wa ubavuni ukija, au lori kubwa likipita, kazi inaongezeka. Na kama viungo vya usukani vimelegea, magurudumu ya mbele huanza kutetemeka yenyewe, tak-tak-tak, mpaka dereva apunguze mwendo. Mafundi wote wa jeep wanaijua sana homa hiyo.

Springi vilevile. Gari fupi halina nafasi ya springi ndefu, na springi fupi ya mabamba ya chuma ni ngumu. Ikilainishwa, gari hulala sana penye kona; ikikazwa, inapiga mgongo. Fundi amebanwa pande zote mbili.

Je, mwaka 1940 wahandisi hawakuyajua hayo? Walijua sana. Miaka michache tu kabla ya vita, Mwingereza Maurice Olley, aliyekuwa fundi wa Rolls-Royce, alikwenda Marekani kufanya kazi katika General Motors. Alitengeneza motokaa ya majaribio ambayo uzito wake uliweza kusogezwa mbele na nyuma, akawapandisha watu, akapima na kuwauliza waliyoyasikia mwilini. Akaona kwamba zamani watu walifanya kinyume: waliweka springi ngumu mbele na laini nyuma, na motokaa ikainama na kuinuka kama mtu anayeitikia "ndiyo, ndiyo". Olley alisema springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma. Hapo, baada ya kigongo, nyuma hupanda na kushuka upesi na kulifikia pigo la mbele, na gari lote hukaa sawa. Lakini springi laini mbele hazikupatana na ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili. Kwa hiyo mwaka 1934 General Motors walianza kuuza motokaa za mjini ambazo kila gurudumu la mbele lilikuwa na springi yake na mwendo wake.

Basi miaka 6 baada ya hapo jeep ilirudia ekseli ngumu na mabamba ya chuma, kama gari la farasi. Sisi hatuwalaumu waliofanya hivyo. Ekseli ngumu haivunjiki upesi, na bamba likikatika mhunzi wa kijiji anaweza kulitengeneza. Katika vita jambo hilo ni la maana kuliko mto wa kukalia. Neno letu ni hili tu: elimu ya raha na utulivu ilikuwako, ikawekwa kando kwa sababu njema ya wakati ule, kisha ikasahauliwa kando huko wakati sababu ile ilipokwisha pita.

Vita ilipokwisha, Willys waliipaka jeep rangi nyingine, wakaiuza kwa wakulima mwaka 1945. Huko Uingereza Maurice Wilks wa kiwanda cha Rover alikuwa na jeep ya vita katika shamba lake la Anglesey. Akaipenda, akaona kwamba Rover nao waweza kutengeneza ya namna hiyo. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa Amsterdam. Umbali wa ekseli zake? Inchi 80, sentimita 203. Wajapani wa Toyota walitoa gari lao la kwanza la namna hii mwaka 1951, nalo lilikuwa refu kidogo.

Kwa shamba na kwa pori magari haya yalikuwa baraka. Shida ni kwamba barabara hazikungoja. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kujenga kilometa karibu 66,000 za barabara kuu za mwendo wa kasi, zisizo na njia panda wala taa. Uingereza ilifungua kipande chake cha kwanza karibu na Preston mwaka 1958, na barabara ya M1 mwaka 1959. Mkulima aliyekuwa akienda sokoni kwa kilometa 40 kwa saa sasa alijikuta katika mto wa magari yaendayo 100 na zaidi, naye yuko ndani ya kile kigari cha askari.

Na tazameni jambo la kustaajabisha. Magari yalirefushwa kidogo kidogo miaka hiyo, lakini si kwa ajili ya abiria. Land Rover ilifika inchi 86 mwaka 1954 ili ichukue mizigo mingi zaidi, kisha 88 mwaka 1956 ili injini ya dizeli iweze kuingia. Jeep iliyoitwa CJ-5, iliyoanza na inchi 81, ilipewa inchi 83 na nusu mwaka 1972, kwa sababu wenye kiwanda walitaka kuweka ndani yake injini ndefu za mitungi 6 na injini kubwa za mitungi 8. Mizigo ilipata nafasi, injini nayo ikapata nafasi. Mgongo wa mtu ulingojea zamu yake.

Injini hizo ndizo zilizoleta hatari. Kabla ya kufika hapo, tueleze habari ya jeep nyingine, ile ya jeshi iliyoitwa M151. Ford waliitengeneza, nayo iliingia kazini karibu na mwaka 1960. Safari hii wahandisi walikumbuka raha: kila gurudumu lilipewa springi yake, bila ekseli ngumu. Gari likawa laini na lenye mbio kuliko jeep ya zamani. Lakini magurudumu ya nyuma yalishikwa kwa namna ya kubembea kutoka katikati ya gari, kama mabawa ya ndege. Dereva akipiga kona kwa nguvu, nyuma ya gari iliinuka, na gurudumu likajikunja kuelekea chini ya tumbo. Hapo gari lilipinduka mara moja. Lisipokuwa na mzigo hatari ilizidi. Askari wengi walijaza mchanga katika sanduku la risasi, wakaliweka chini ya kiti cha nyuma liwe uzito. Jeshi liliwafundisha madereva kwenda polepole. Hata hivyo magari yaliendelea kupinduka. Mwisho, mwaka 1970, likaja la namna mpya, M151A2, ambalo mikono ya magurudumu ya nyuma ilikuwa imebadilishwa, nalo likawa afadhali. Magari hayo yalipochakaa, jeshi lilikataa kuwauzia raia. Mengi yalikatwakatwa kuwa vyuma.

Wasomaji wajiulize maana ya sanduku lile la mchanga. Askari wa kawaida, asiyejua kuchora wala kupiga hesabu za uhandisi, alikuwa amekwisha kutambua kwamba kosa liko katika gari. Wakubwa wake walikuwa bado wakisema juu ya dereva.

Katika miaka hiyohiyo raia nao walianza kuuliza. Mwaka 1965 Ralph Nader alitoa kitabu kiitwacho Unsafe at Any Speed. Sura yake ya kwanza ilikuwa juu ya motokaa ya mjini, Chevrolet Corvair, ambayo magurudumu yake ya nyuma katika miaka ya kwanza yalishikwa kwa kubembea karibu kama yale ya M151. Mwaka 1966 Marekani ilipata sheria yake ya kwanza kubwa juu ya usalama wa motokaa. Tangu hapo neno "ni kosa la dereva" halikutosha tena kufunga kesi.

Sasa jeep ya CJ-5. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marekani waliipenda sana. Si wakulima tena. Ni watu wa mjini waliotaka kwenda pwani na milimani siku ya mapumziko. Waliiendesha kama motokaa ndogo ya mbio, maana injini ya mitungi 8 iliwaruhusu. Kupinduka kwa gari si uchawi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua nusu ya upana kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, ulinganishe na kimo ambako uzito wa gari umekusanyika. Kigoda chenye miguu iliyotanuka hakipinduki, chupa hupinduka. Jeep ya vita ilikuwa na upana wa sentimita 124 hivi kati ya magurudumu yake, na tumbo lake lilikuwa juu ili lisikwame katika mawe. Lile lililoiokoa porini liliihatarisha barabarani. Ufupi nao ulisaidia hatari: gari fupi likianza kuteleza huzunguka upesi na kukaa kiubavu, na likiwa kiubavu, gurudumu likigonga ukingo wa lami au udongo laini, limekwisha pinduka.

Mwezi wa Desemba 1980 televisheni ya Marekani, katika kipindi cha 60 Minutes, ilionyesha majaribio ya taasisi ya makampuni ya bima: CJ-5 inageuzwa ghafula, inapinduka. Watu waliogopa. Wenye kiwanda walikasirika, wakasema majaribio hayo hayakuwa ya haki, kwani gari lilirudiwa mara nyingi sana mpaka likapinduka. Mahakama zilijaa kesi za walioumia na za wafiwa. CJ-5 iliacha kutengenezwa mwaka 1983.

Na serikali ilifanya nini? Tangu Septemba 1984 ilitaka kila gari jipya la namna hii lenye umbali wa ekseli usiozidi inchi 110, ndizo sentimita 279, libandikwe karatasi mbele ya dereva. Karatasi hiyo ilimwonya kwamba gari hili haliendi kama motokaa nyingine, na kwamba akigeuza usukani ghafula au kukaza mwendo mno anaweza kulipoteza. Sisi twaona karatasi ile ilikuwa na ukweli, lakini ulikuwa ukweli uliokaa mahali pabaya. Mtu anayekwepa mtoto aliyekimbilia barabarani hasomi karatasi. Hugeuza usukani, kama mimi na wewe tungefanya. Gari lazima liwe limetengenezwa kwa saa ile moja ambayo mtu hana nafasi ya kufikiri.

Miaka 4 baadaye sentimita 203 zilirudi tena mbele ya watu. Suzuki wa Ujapani walikuwa wakiuza Marekani, tangu 1985, kigari kizuri na cha bei nafuu kiitwacho Samurai, ambacho umbali wa ekseli zake ulikuwa karibu sawasawa na wa jeep ya vita. Mwaka 1988 gazeti la Consumer Reports, linalojaribu vitu kwa ajili ya wanunuzi, lilikipa hukumu mbaya kabisa, likisema kinapinduka upesi dereva anapokwepa kitu njiani. Serikali ilichunguza mwaka uleule, ikakataa kuamuru magari hayo yarudishwe. Suzuki walilishtaki gazeti mwaka 1996, wakidai majaribio yalipangwa ili gari lishindwe. Kesi iliisha mwaka 2004 kwa mapatano, bila mmoja kumlipa mwenzake. Hatutaihukumu hapa kesi ambayo wenyewe waliiacha. Lakini yatosha kuona kwamba miaka 48 baada ya gari la Bantam, watu walikuwa bado wakibishana juu ya kipimo kilekile.

Wakati watu walipobishana, dawa ilikuwa imekwisha kuanza kutengenezwa, kwa upole, katika karakana. Mwaka 1970 Rover walitoa Range Rover. Iliwekewa springi za koili, yaani chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Magurudumu yote manne yalivuta sikuzote. Na umbali wa ekseli ulikuwa inchi 100, ndizo sentimita 254. Ekseli zilibaki ngumu, na bado gari lilipita matopeni kama ndugu yake. Hapo ikaonekana wazi kwamba mtu hakulazimika kuchagua kati ya pori na barabara. Hata hivyo ilipita miaka 14 kabla Land Rover fupi haijapata springi hizo: mwaka 1984 ilitoka ile iitwayo Ninety, inchi karibu 93, iliyo pana kuliko zile za zamani.

Wamarekani walikuja taratibu zaidi. Walikuwa na CJ-7 tangu mwaka 1976, yenye sentimita 237, na mwaka 1986 wakaanza kutengeneza Wrangler, ambayo magurudumu yake yalitanuliwa na mwili wake kushushwa. Koili zilingoja mpaka 1996. Fikirini: motokaa za mjini zilipata mbele laini mwaka 1934, na jeep iliacha mabamba ya mbele miaka 62 baadaye. Mwaka 2004 kiwanda kilitoa Wrangler ndefu ya sentimita 263. Toleo la mwaka 2007 lilikuwa na moja ya milango minne yenye sentimita karibu 295, na watu walioapa kwamba jeep ya kweli ni fupi waliinunua hiyo ndefu kwa wingi.

Toleo hilo la 2007 lilikuja pia na chombo kingine. Ni kompyuta ndogo inayolinganisha mahali usukani ulipoelekezwa na mahali gari linapokwenda kweli. Vikitofautiana, inafunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalohitajiwa, na kupunguza nguvu ya injini, kabla dereva hajafahamu kwamba amepotea. Taasisi ileile ya bima ilichunguza ajali, ikatangaza mwaka 2006 kwamba chombo hiki hupunguza sana vifo vya magari ya namna ya jeep yanayopinduka peke yake, kwa kadiri ya asilimia 80. Marekani ililazimisha magari madogo yote mapya yawe nacho tangu toleo la mwaka 2012. Karatasi ya mwaka 1984 ilimwambia dereva awe mwangalifu. Chombo hiki kinamshika mkono.

Ufupi haukufa. Suzuki Jimny iliyotoka mwaka 2018 ina sentimita 225, ekseli ngumu mbele na nyuma, na wengi wanaisifu. Lakini ni pana kuliko babu yake, inakaa juu ya koili, na ina kompyuta ile. Land Rover nao mwaka 2020 walileta Defender mpya waliyoiita 90 kwa heshima ya zamani. Ukiipima utaona inchi 102.

Huku kwetu magari mengi yanakuja yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na mengine ni ya miaka ile ya mabamba ya chuma. Hayana kompyuta wala karatasi ya onyo, au karatasi imekwisha banduka. Mwenye gari kama hilo hana haja ya kuliuza kesho. Ajue tu analo nini. Kubwa la yote ni mzigo wa juu. Magunia ya mahindi, majerikani na jenereta vikipandishwa juu ya paa, kitovu cha uzito kinapanda navyo, na hesabu yote tuliyoieleza inaharibika; vikilazwa sakafuni kati ya ekseli, gari hilohilo linatulia. Matairi yaliyopunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga yajazwe tena kabla ya kurudi penye lami. Nguvu ya mbele ifunguliwe, maana ekseli mbili zilizofungwa pamoja juu ya lami kavu hushindana katika kila kona. Shokomzoba, zile pampu za mafuta zinazozuia springi isirukeruke, zikikauka, springi haina wa kuishika. Zibadilishwe zote mbili za ekseli moja pamoja. Na gurudumu likitoka nje ya lami na kuangukia ukingoni, dereva asilivute kwa nguvu kulirudisha. Aachie mafuta, ashike usukani sawa, gari lipunguze mwendo kwanza, ndipo alirudishe taratibu. Ajali nyingi za kupinduka huanzia pale pale, kwa kuvuta usukani kwa hofu.

Kwa upande wa abiria, wazazi huwapeleka watoto wakae katika yale mabenchi ya nyuma yanayotazamana, wakidhani ndipo pa salama kwa kuwa ni mbali na kioo. Katika gari fupi mabenchi hayo yako juu ya ekseli ya nyuma, mara nyingi bila mkanda. Mwenye mtoto mchanga, mwenye mimba na mgonjwa wapewe kiti cha mbele, hata kama mkubwa wa msafara itambidi akae nyuma.